Binti Ugenini Granada: Lugha, Meza na Sala



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyezifanya tofauti za ndimi na rangi za wanadamu kuwa miongoni mwa ishara zake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Wasomaji wetu wapenzi, na hasa nyinyi akina mama, wiki hii tunaligusa jambo ambalo limekuwa likizungumzwa sana katika mabaraza yetu. Familia nyingi za pwani hivi sasa zina watoto wanaosoma vyuo vikuu Uingereza na nchi nyingine za Ulaya. Baadhi yao wamechagua kusomea Kihispania, ama peke yake, ama pamoja na biashara au uhusiano wa kimataifa. Inapokaribia likizo ndefu ya kiangazi, chuo humshauri mwanafunzi wa lugha aende Uhispania kwa wiki nne au zaidi, asome asubuhi darasani, na akae katika nyumba ya wenyeji, ale nao na azungumze nao. Habari hiyo ikifika nyumbani, nyumba hugawanyika. Baba huuliza gharama. Bibi huuliza binti atakula nini. Mama huuliza atalala wapi na nani. Naye binti, ambaye moyoni ameshafungasha, huona kila swali kuwa ni kikwazo.

Hakuna hata mmoja katika hao aliyekosea kuuliza. Swali lenyewe, likivuliwa mapambo yote, ni hili: je, msichana wa Kiislamu aweza kuishi mwezi mzima chini ya dari ya watu wa dini nyingine, akarudi na lugha aliyoifuata, wala asipoteze alichotoka nacho kwao?

Kabla ya kujibu, tuweke jambo moja mahali pake. Hukumu ya mwanamke kusafiri bila maharimu ni suala la fiqhi. Jumhuri ya wanazuoni waliotangulia wameliwekea sharti la maharimu, na wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu pale njia inapokuwa na amani na wenziwe wa safari wanapokuwa wa kuaminika. Safu hii haitoi fatwa. Kila nyumba na imwendee sheikh inayemwamini, imweleze hali kama ilivyo, na ifuate atakachosema. Maneno yetu yanaanzia pale ambapo familia imekwisha kuuliza na kuridhika kwamba safari ifanyike.

Kwa familia hiyo, jibu letu ni kwamba binti aweza, kwa sharti kwamba awe mwenye kusema. Tutaeleza kwa nini tunaamini kuwa ulimi wake ndio utakaomlinda dini yake, na kwamba dini yake hiyo hiyo ndiyo itakayomfundisha lugha.

Tuuchukue mji wa Granada uwe mfano wetu. Ni mji wa kusini mwa Uhispania, katika nchi ya Andalusia, chini ya milima ambayo kilele chake huwa na theluji wakati wa baridi. Chuo Kikuu cha Granada kiliasisiwa mwaka 1531, nacho kina kituo chake cha kuwafundisha wageni Kihispania, mbali na shule nyingi za binafsi zilizomo mjini. Masomo ya kiangazi kwa kawaida huwa ni saa nne kila asubuhi, siku tano kwa wiki. Shule ndiyo inayomtafutia mwanafunzi nyumba. Mara nyingi mwenyeji huwa ni mama wa makamo au mjane ambaye watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, vyumba vimebaki vitupu, na malipo ya mwanafunzi humsaidia kuendesha nyumba. Mgeni hupewa chumba, hufuliwa nguo mara moja kwa wiki, na huandaliwa chakula mara mbili au tatu kwa siku kulingana na mapatano.

Darasani mwanafunzi hujifunza sarufi. Kuzungumza hujifunza nyumbani. Mwalimu wa darasa husema polepole, hungoja, husahihisha. Mama wa nyumba hana nafasi hiyo. Ana sufuria jikoni na jirani mlangoni. Humwambia mgeni afunge dirisha jua lisiingie, amletee vitunguu, amwambie kama atarudi kabla ya chakula. Maneno ya namna hii hayamo katika mtihani, lakini ndiyo yanayomfanya mtu awe msemaji wa lugha badala ya msomaji wake tu.

Hapa mtoto wa Kiswahili ana bahati ambayo wenziwe wengi darasani hawana. Irabu za Kihispania ni tano, nazo hutamkwa kama zetu: a, e, i, o, u. Herufi yao ya j hutamkwa kama kha ya Kiarabu, sauti ambayo binti aliyepita chuoni kwa maalimu ameijua tangu utotoni. Tena lugha ile imejaa maneno yaliyotoka katika Kiarabu, kwa sababu Waislamu waliishi na kutawala katika ardhi ile tangu mwaka 711 hadi 1492, muda usiopungua sana miaka 800. Maneno hayo hayo, au ndugu zake, yalivuka bahari upande wa pili yakaja kwetu. Sukari wao huiita azúcar. Zafarani ni azafrán. Zeituni ni aceituna. Yasmini ni jazmín. Msikiti ni mezquita. Tunaposema mtu fulani, wao husema fulano. Neno lao hasta, lenye maana ya mpaka, ni hatta ya Kiarabu, ile ile tunayoitumia tukisema "hata kulipokucha". Meya wa mji huitwa alcalde, nalo asili yake ni al-qadi; kwetu neno hilo limebaki kwa kadhi, kwao limehamia kwa mkuu wa mji. Na Mhispania akitamani jambo liwe, husema ojalá, neno lililotokana na Kiarabu cha Andalusia chenye maana ya "Mungu akipenda". Hulisema mchana na usiku, na wengi wao hawajui wanamtaja nani.

Yako pia maneno yaliyotufikia kwa njia chungu zaidi. Meza na bendera tulizipata kwa Wareno, na Kihispania, ambacho ni ndugu wa Kireno, husema mesa na bandera. Ngome ya Yesu iliyopo Mombasa ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, wakati ambapo Ureno yenyewe ilikuwa chini ya Felipe II, mfalme wa Uhispania. Hivyo binti anayekwenda Granada haendi mahali pasipokuwa na habari nasi.

Sasa tuje mezani, maana hapo ndipo hofu ya wazazi ilipo, na ni hofu ya haki.

Wahenga wametuachia methali mbili zinazovutana. Moja yasema ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Ya pili yasema mwacha asili ni mtumwa. Binti aliye ugenini huzisikia zote mbili kila anapoketi kula. Akifuata ya kwanza bila kufikiri, atakula asichopaswa. Akifuata ya pili kwa kununa na kujitenga, atarudi bila lugha, na wenyeji watabaki wakidhani Waislamu ni watu wenye kiburi. Njia iliyo baina ya hizo mbili ni kueleza.

Binti mmoja wa jamaa zetu, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alikaa Granada Julai moja katika nyumba ya mjane na bintiye. Usiku wa kwanza aliona haya kusema mambo ya dini kwa watu ambao ndio kwanza amewajua, akachagua neno jepesi: alisema hali nyama. Kesho yake akapikiwa adesi. Ndani ya adesi mlikuwamo vipande vyekundu vya chorizo, soseji ya nguruwe. Mwenyeji hakukusudia ubaya wowote. Katika mazungumzo ya kawaida ya Wahispania, mtu akisema "nyama" mara nyingi huwa amekusudia pande la nyama lenyewe. Paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo wao huliita jamón, na soseji ndogo za kutia ladha, wengi hawavihesabu humo. Binti akala mkate na nyanya. Siku ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Mwenyeji naye akaanza kununa, akidhani upishi wake umedharauliwa. Nyumba ikawa nzito, watu wawili wema wakiumizana kwa kunyamaza.

Siku ya tano, kwa shauri la mamake kwa simu, binti aliketi na kamusi yake, akaandika maneno aliyoyahitaji, kisha akaomba kuzungumza. Akaeleza kuwa yeye ni Mwislamu, kwamba hali nguruwe wa namna yoyote, si nyama yake, si soseji yake, si mafuta yake, na kwamba hanywi mvinyo wala hali chakula kilichopikwa nao. Akasema pia kwamba adesi zilinukia vizuri na kwamba amesikitika kuziacha. Sentensi zake zilivunjika njiani, lakini zilifika. Mjane yule akainuka, akafungua kabati la jikoni, wakaanza kusoma lebo pamoja, pakiti moja baada ya nyingine. Manteca, mafuta ya nguruwe, yalikuwamo katika biskuti. Jelatini ilikuwamo katika vitamutamu. Mchuzi wa unga ulikuwa na nguruwe. Saa nzima ikapita. Binti alituambia kwamba hakuna darasa katika mwezi ule alilojifunza ndani yake maneno mengi kama kabati lile. Na mwenyeji, kumbe, hakuwa amekasirishwa na kukataliwa chakula. Kilichomuudhi ni kwamba hakuambiwa.

Tangu siku hiyo mjane alikuwa akienda naye sokoni, akiwatangazia wauza samaki masharti ya mgeni wake kana kwamba ni yake mwenyewe.

Tunakiomba kisa hiki kisomwe vizuri. Wanafunzi wengine waliokuwa katika nyumba za mtaa ule walikula kila walichowekewa, wakashukuru, wakaingia vyumbani. Walihitaji maneno machache tu kupitisha siku. Binti huyu alilazimika kueleza kwa nini hali hiki, kwa nini ataamka alfajiri, kwa nini hampi mkono jirani mwanamume, kwa nini amejifunika na joto lote hili. Kila swali lilimtaka atumie "kwa sababu", "ikiwa", "kabla ya", "ingawa", ambazo ndizo nguzo za lugha yoyote. Dini yake ilimpa jambo la kusema. Mwenye jambo la kusema hujifunza kusema.

Kuhusu chakula chenyewe, akina mama wasihofu njaa. Andalusia ni nchi ya mafuta ya zeituni, samaki, mayai, kunde, mboga na matunda. Kuna mkate mnene wa mayai na viazi uitwao tortilla, usiohitaji nyama. Kuna supu baridi ya nyanya, tango na kitunguu thomu iitwayo gazpacho, ambayo hunywewa wakati wa joto. Kuna biringani, ambazo wao huziita berenjenas, jina lililo karibu na letu. Tahadhari ziwe kwa vyakula vinavyoficha: kachori zao za maziwa na unga, croquetas, mara nyingi hutiwa jamón, supu nzito ya nyanya iitwayo salmorejo hunyunyiziwa jamón juu, na vitamutamu vya kienyeji huweza kuwa na manteca. Kuhusu kuku na ng'ombe, Qur'ani katika Surat Al-Maida imehalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, lakini wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu nyama za machinjio ya siku hizi. Anayetaka kujiweka mbali na shaka atapata wachinjaji wa halali mjini, kwa kuwa Granada ina jamii kubwa ya ndugu zetu kutoka Morocco. Na kwa sababu hatufai kuketi kwenye meza inayozungushwa pombe, jambo hilo liandikwe mapema katika fomu ya shule, ili atafutiwe nyumba isiyoweka mvinyo mezani, au iliyo tayari kumwandalia peke yake.

Baada ya meza ni sala. Kiangazi cha Granada kina siku ndefu ambazo sisi wa karibu na mstari wa ikweta hatukuzizoea. Mwishoni mwa Juni Adhuhuri huingia kiasi cha saa nane na dakika ishirini mchana. Jua huzama karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Isha huwa baada ya saa tano, na Alfajiri hubisha hodi karibu saa kumi na moja. Wenyeji nao hula chakula cha mchana baina ya saa nane na saa tisa, na cha usiku baina ya saa tatu na saa nne, tena huketi mezani muda mrefu wakizungumza. Maana yake ni kwamba Maghribi itamkuta mezani karibu kila siku. Asiposema, ataisali mbio, au ataichelewesha, au ataiacha akijiambia ataikidhi. Akisema, mwenyeji atatia sahani dakika kumi mbele au nyuma, na hilo halitamgharimu kitu.

Usingizi utakuwa mfupi usiku, lakini nchi ile ina dawa yake. Baada ya chakula cha mchana madirisha hufungwa na mji hulala. Wao huita siesta, neno linalotokana na Kilatini lenye maana ya saa ya sita, kwa kuhesabu tangu macheo, kama sisi Waswahili tunavyohesabu saa sita ya mchana hadi leo. Sisi Waislamu tunaijua kwa jina la kailula. Binti na apumzike wakati huo bila kuona haya.

Kuna na masuala mawili ambayo wasichana huyasahau. La kwanza ni kupunguza sala. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafii, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukoma kuwa na ruhusa ya msafiri. Anayekwenda Granada kwa wiki nne atasali sala kamili na kwa wakati wake tangu anapofika. La pili ni udhu. Bafu za kule hazikujengwa kwa maji kumwagika sakafuni, na mwenyeji akiona sakafu imelowa mara tano kwa siku, au mguu ndani ya beseni la kunawia uso, atashangaa na pengine atakasirika. Binti achukue kopo dogo na taulo lake, aeleze udhu ni nini, na akaushe sakafu kila mara. Andalusia hupatwa na ukame, kwa hivyo asiache mfereji wazi. Sunna yetu yenyewe inatukataza israfu ya maji.

Katika stara, jambo la kuelezwa mapema ni maamkizi. Wahispania huamkiana kwa kugusanisha mashavu, kulia na kushoto, wanawake kwa wanawake na hata wanawake kwa wanaume. Kwa wanawake wenziwe hapana tabu. Kwa wanaume, aweke mkono kifuani, atabasamu kwa adabu, na aseme maneno yake mazuri. Akimweleza mama wa nyumba siku ya kwanza, mama mwenyewe ndiye atakayemwonya mwanawe na mashemeji kabla hawajaingia. Ushungi si kitu kigeni katika mitaa ya Granada, hasa katika Albaicín, mtaa wa kale wa kilimani wenye vichochoro vyembamba na kuta nyeupe, ambao mtu wa Lamu au Mji wa Kale akiuona hatajihisi yuko mbali sana na kwao.

Na katika mtaa huo huo kuna msikiti. Msikiti Mkuu wa Granada ulifunguliwa mwaka 2003, ukiikabili Alhambra kutoka ng'ambo ya bonde. Wazazi wamwambie binti auendee katika wiki yake ya kwanza, ajulikane na akina mama wa pale. Jamaa wa msikitini si mbadala wa nyumba aliyofikia, lakini ni mkono wa pili ikiwa kutatokea haja.

Alhambra yenyewe ataiona, na ni vyema akate tiketi mapema, kwani wakati wa kiangazi hujaa. Jina lake ni al-Hamra, yaani nyekundu. Katika kuta zake yamechongwa tena na tena maneno ya wafalme wa Banu Nasr, kwamba hakuna mshindi ila Mwenyezi Mungu. Watu wengi hurudi kutoka pale wakiwa wamejaa majonzi ya utukufu uliopita. Sisi tungependa binti zetu warudi na zaidi ya majonzi. Mji ulikabidhiwa wafalme wa Kikristo tarehe 2 Januari 1492, kwa mkataba uliowaahidi Waislamu kubaki na dini yao. Ahadi hiyo haikudumu hata miaka kumi. Watu walibatizwa kwa nguvu. Mwaka 1567 ikatolewa amri ya kuwakataza vizazi vyao kusema na kuandika Kiarabu na kuvaa mavazi yao. Kuanzia mwaka 1609 hadi 1614 walifukuzwa nchini. Waliozika dini yao moyoni kwa kuogopa waliishi vizazi kadhaa bila kuweza kusema mezani kwao wenyewe kwa nini hawali nguruwe.

Mwaka 1992, miaka 500 baada ya kuanguka kwa Granada, dola ya Uhispania ilitia sahihi mapatano na Waislamu wa nchi hiyo yanayotambua ibada zao, sikukuu zao na chakula chao cha halali. Kwa hivyo leo binti wa Mombasa, Malindi au Lamu anaweza kuketi katika mji ule ule, akasema kwa lugha ya wenyeji yale ambayo wanawake wa zamani walilazimishwa kuyanyamazia. Asiichezee nafasi hiyo kwa haya isiyo mahali pake. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayomfanya mtu afiche sala yake haimlindi, humdhoofisha tu.

Kabla ya kulipa ada, wazazi na waulize shule kwa maandishi. Nyumbani wanaishi akina nani, na je, kuna mwanamume anayelala humo? Je, binti anaweza kupewa nyumba ya wanawake pekee? Chumba ni chake peke yake, na kina ufunguo? Atatembea umbali gani kurudi, na saa ngapi? Nani wa kupigiwa simu usiku likitokea jambo? Na nyumba isipofaa, atahamishwa kwa muda gani? Shule nzuri imezoea maswali hayo na itayajibu bila kukasirika. Isiyojibu imekwisha kujibu. Mwenye pasipoti ya Kenya, hata akiwa anasoma Uingereza, atahitaji viza ya Schengen, ambayo humruhusu kukaa hadi siku 90 katika kila siku 180, na atatakiwa awe na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Mambo hayo yaanzwe miezi kadhaa mbele.

Masurufu yake yawe mepesi: mswala mwembamba, dira, kopo lake, na zawadi. Leso mbili za Mombasa zinatosha. Akimtafsiria mama wa nyumba jina lililoandikwa kwenye leso hizo, tayari ameanza mazungumzo. Na akumbuke kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe. Jembe la Granada ni vyombo vya kuosha na vitunguu vya kumenya, na jikoni ndiko alikokuja kujifunza.

Mwisho tuna neno kwenu akina mama, na tunalisema kwa mapenzi. Simu imetuwezesha kuwa na watoto wetu kila saa, lakini binti anayezungumza nasi kwa Kiswahili kila jioni, kuanzia Alasiri hadi Isha, hayuko Granada. Yuko kwetu, na ada tuliyolipa imepotea. Tupatane naye wakati mmoja kwa siku, mfupi. Tumuulize mambo matatu: umesali, umekula, umezungumza na nani? Kisha tumwache arudi sebuleni kwa mwenyeji wake. Ikiwa kuna jambo lisilo salama, ajue anaweza kupiga wakati wowote, na kwamba hatamkuta mzazi wa kumlaumu kwanza. Ahadi hiyo apewe kwa maneno kabla ya kuondoka. Msichana anayejua kuwa atasikilizwa kwao hupata ujasiri wa kusema kwa watu.

Na ujasiri huo haufundishwi uwanja wa ndege. Huanza nyumbani, pale tunapomwacha mtoto aulize kwa nini tunasali hivi na kwa nini hatuli kile, nasi tukamjibu badala ya kumwambia anyamaze. Binti aliyejibiwa kwao atakuwa na la kujibu kwa watu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu popote walipo, awape elimu yenye manufaa, awakutanishe na watu wema, na awarudishe makwao wakiwa na imani iliyo thabiti zaidi ya ile waliyotoka nayo. Amin.

Wabillahi tawfiq.